Pole na Nishapoa: Lugha ya Kujuliana Hali Miongoni mwa Wenye Maradhi ya Kudumu, Kibera na Kawangware

Mtu akimwambia mwenziwe "pole", Kiswahili cha pwani kina jibu lake tayari: "nishapoa". Maneno haya mawili yamkini ni ya shina moja. Anayetoa pole anamtakia mwenziwe maumivu yapoe, na anayejibu anamtuliza aliyemwonea huruma kwa kumwambia kuwa yamekwisha kupoa, hata kama bado yapo. Ni adabu nzuri, na hatuna sababu ya kuitupa. Lakini adabu hiyo imekatwa kwa kipimo cha mambo yenye mwisho: homa, jeraha, uchovu wa safari, na hata msiba, ambao nao una arubaini yake. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mwenye kifafa, au mwenye virusi vya ukimwi, ambaye atameza dawa kila siku ya maisha yake, atajibu nini? Akisema "nishapoa" amesema uongo wa adabu. Akinyamaza ameonekana hana adabu. Akisema ukweli amemwachia aliyemwuliza mzigo ambao lugha haikumwandaa kuupokea.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi watu wenye maradhi ya namna hiyo, katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, wanavyolitatua tatizo hili wenyewe: katika vikundi vyao vya kusaidiana, katika mikutano yao kliniki, na siku hizi katika simu zao za mkononi. Mambo ya tiba tutayagusa pale tu yanapotulazimu. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba msaada ambao mgonjwa wa kudumu hupewa na wenziwe huanza kwa salamu, na kwamba salamu humsaidia pale inapomruhusu kutoa jibu baya.

Yafaa nieleze mapema kwamba mimi si mtazamaji wa mbali. Niligunduliwa kuwa na kisukari nilipokuwa masomoni ng'ambo, na huko niliwahi kuketi katika duara la wagonjwa ambapo kila mmoja alitakiwa kueleza hisia zake kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba sijambo. Wenzangu walidhani nimekataa kusema, kumbe nilikuwa nimejibu kama nilivyolelewa. Tangu niliporejea nimekuwa mmoja wa kikundi kinachokutana Kawangware, na baadhi ya niliyoyaandika hapa nimeyasikia nikiwa nimekaa kwenye benchi pamoja na wengine. Hayo yachukuliwe kuwa maelezo ya mwanakikundi, si takwimu.

Ugonjwa katika sarufi

Mofolojia ya Kiswahili ina jambo la kutufunza kuhusu suala hili. Kitenzi "kuugua" kina ndugu wawili wa kustaajabisha. Wa kwanza ni "kuuguza". Kwa umbo ni kauli ya kusababisha, na mwanafunzi anayejifunza lugha hii kwa kanuni tupu angetarajia kwamba anayeuguza ndiye anayemtia mtu ugonjwa. Sivyo. Anayeuguza ni yule anayekaa na mgonjwa, akamlisha, akamwosha na kukesha naye. Ndipo tukapata "muuguzi". Ni kana kwamba lugha inasema kuwa kuugua ni kazi, na kwamba mtu haiwezi kazi hiyo bila mwingine wa kumwezesha kuifanya.

Ndugu wa pili ni "kuuguliwa". Mtoto akiugua, mzazi wake ameuguliwa. Umbo hili linafuata njia ile ile ya "kufiwa": kauli ya kutendea ikifuatwa na ya kutendwa, nalo humweka jamaa mahali pa mwenye kupatwa na jambo. Kiingereza kina neno la aliyefiwa, lakini hakina la aliyeuguliwa. Kwetu sisi ugonjwa, sawa na kifo, hauishii kwa mwenye mwili.

Kadhalika "kumjulia mtu hali", na kwa kutendeana, "kujuliana hali". Hali ya mtu hapa ni kitu cha kujuliwa na mwingine, kwa faida ya mwenyewe. Si kitu anachokitangaza mwenye hali, kama nilivyotakiwa nifanye katika lile duara la ng'ambo. Ni kitu kinachoendewa, na anayekwenda huenda kwa miguu yake hadi mlangoni.

Lakini sarufi hii yote inadhani kwamba kuna nyumba na kuna jamaa. Mpangaji wa chumba kimoja pale Gatwekera au Laini Saba, ambaye wazazi wake wako Siaya au Vihiga au Machakos, ameugua huku waliouguliwa wako mbali. Walio karibu ni majirani, na kati yake na wao pana ukuta wa udongo au wa mabati usiozuia kikohozi wala siri. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Anayetaka kujuliwa hali hana budi kuiacha hali yake ijulikane, na ziko hali ambazo zikijulikana mtu huweza kupoteza chumba, kibarua au ndoa.

Mahali na lugha zake

Kibera imepewa jina na Wanubi, wazao wa askari wa kikosi cha King's African Rifles waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa Kinubi neno lenyewe lina maana ya msitu. Kinubi ni krioli iliyotokana na Kiarabu, na hadi leo husikika Makina. Pembeni mwake kuna Kidholuo, Kiluyia cha lahaja nyingi, Kikamba, Kigusii na Kikuyu. Kawangware, iliyoko upande wa pili wa barabara ya Ngong, katika eneo la Dagoretti, ilianza kuwa ardhi ya Wakikuyu, na leo Waluyia ni wengi sana. Katika kikundi chetu kuna lugha za nyumbani zisizopungua tano, na mkutano huendeshwa kwa Kiswahili.

Kwa kawaida tunasema kwamba Kiswahili hutumika mahali kama hapa kwa sababu ndiyo lugha ya wote. Hiyo ni kweli, ila kuna sababu nyingine ambayo wanaisimu hatujaipa uzito wake. Lugha ya nyumbani huja na maelezo yake ya ugonjwa. Katika Kidholuo, mathalani, kukonda kwa mtu kulielezwa kwa neno "chira", yaani adhabu ya kuvunja mwiko. Na ukimwi ulipoingia, wengi waliuingiza humo humo, hadi jina "ayaki" lilipopata nguvu. Aliyeambiwa ana chira ameshitakiwa pamoja na jamaa zake. Akija kikundini akasema kwa Kiswahili "niko na virusi", ametumia neno lisilo na babu wala bibi. Ubaridi huo wa Kiswahili, ambao washairi wetu wa bara huulalamikia, hapa ni nafuu.

Si kwamba Kiswahili nacho hakikuwa na majina yake ya kuuma. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa Kenya mwaka 1984. Miaka 15 baadaye, Novemba 1999, Rais Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Katika miaka hiyo watu walisema mtu "amekanyaga waya" au ana "mdudu", kama huko Kagera walivyokuwa wameuita "Juliana" kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikivutia wanunuzi. Hata vyombo vya habari, vilipoacha mafumbo, vilishika "waathiriwa" na "waathirika", na tukabishana sisi walimu kama kauli ya kutendwa inafaa kuliko ya kutendeka. Ubishi huo ulikuwa wa kisarufi mno. Waliohusika walitaka kitenzi kingine kabisa, wakachukua "kuishi na". Tanzania wamekifupisha hadi "WAVIU". Nairobi husemwa kwa urefu, "mtu anayeishi na virusi".

Wako wanaosema kwamba "kuishi na ugonjwa" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Ndiyo, asili yake ni hiyo. Lakini Kiswahili tayari kilikuwa na "kuishi na watu", yaani kujua namna ya kukaa nao bila ugomvi, na msemaji wa Kibera anaposikia "ishi na sukari yako" husikia maana hiyo ya ujirani. Neno limepata nyumba, na sioni haja ya kulifukuza.

Klabu, chama, kikundi

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya kazi Kibera kwa takriban miaka 20, likaikabidhi serikali ya Kaunti ya Nairobi kituo cha afya cha Kibera Kusini mwaka 2017. Lililotuhusu zaidi lilifanyika humo katikati. Kuanzia Agosti 2013, wagonjwa ambao hali zao zilikuwa zimetulia waliwekwa katika makundi ya watu 25 hadi 35. Walikutana kila baada ya miezi mitatu, wakapimwa uzito na shinikizo la damu, wakazungumza na muuguzi, wakachukua dawa zao na kuondoka, bila kupanga foleni ya daktari. Katika mwaka wa kwanza waliandikishwa watu 1,432 katika makundi 47. Asilimia 71 walikuwa na virusi vya ukimwi; asilimia 29 waliobaki walikuwa na shinikizo la damu au kisukari. Waliopotea wasijulikane walikokwenda walikuwa asilimia 3.5 tu.

Jambo jipya lilikuwa mchanganyiko huo. Hapo awali anayeonekana kwenye benchi fulani siku fulani alijulikana ana nini. Katika kundi la mchanganyiko, mama wa presha ameketi kando ya kijana wa virusi, na anayepita nje hajui yupi ni yupi. Lugha nayo ililazimika kufuata. Penye maradhi matatu, neno linalowaunganisha wote ni "dawa", na swali la kuulizana likawa "umemeza?" Hakuna anayeuliza umemeza nini.

Makundi hayo yaliitwa klabu. Kwa mtu wa Nairobi, hasa aliyepita umri wa miaka 50, "kilabu" ni mahali pa pombe, na mama anayemwaga mumewe kwamba anakwenda klabu ya dawa hujikuta ana maelezo marefu ya kutoa. "Chama" nalo limekwisha kuchukuliwa na wenye kuchangiana fedha kwa mzunguko. Wengi wametulia kwenye "kikundi", neno lisilo na utamu wala uchungu. Hata hivyo vikundi vingi huishia kuwa vyama pia, maana mtu akilazwa, fedha za nauli na za chakula lazima zitoke mahali.

Neno "sugu"

Hapa sina budi kusimulia kosa langu mwenyewe. Zahanati moja iliniomba nitafsiri kikaratasi cha ushauri kwa wagonjwa wa kisukari. Kazi ilikuwa ya kurasa mbili, nami nilikuwa na shahada ya uzamili. Niliimaliza jioni moja. Sentensi yangu ya kwanza ilisema kwamba kisukari ni ugonjwa sugu. Sikuona tatizo lolote, na nadhani wengi wa wasomaji wa jarida hili hawaoni.

Baada ya majuma kadhaa, mama mmoja wa kikundi chetu, muuza mboga, alikuja mkutanoni miguu imemfa ganzi. Hakuwa amemeza vidonge kwa siku nyingi. Alipoulizwa, alitoa kikaratasi kile mkobani, amekikunja vizuri kabisa, akaniambia: "Mwalimu, kama ni sugu, dawa ni za nini?"

Mama yule alikuwa na jirani aliyepata kifua kikuu sugu. Katika matumizi hayo, ambayo ni sahihi na yameenea, "sugu" ni maradhi yasiyosikia dawa. Ndivyo tunavyosema pia vijidudu vimekuwa sugu, na kwamba dawa fulani imeleta usugu. Neno lenyewe lina nasaba na "kusugua": ni ile ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, isiyohisi tena. Mtoto sugu ni yule asiyesikia fimbo. Kwa mantiki ya lugha, mama yule alisoma sawasawa, na mimi ndiye niliyeandika vibaya. Sisi wa vyuoni tumelipa neno moja kazi mbili zilizo kinyume: ugonjwa ambao dawa haziuwezi, na ugonjwa ambao usipoacha dawa utaishi nao hadi uzeeni. Hitilafu hiyo haiwezi kuondolewa kwa tanbihi katika kamusi. Inaingia mwilini mwa msomaji.

Tulipojaribu kutafuta neno lingine tulipata taabu. "Yasiyo ya kuambukiza" linafaa kwa sukari na presha, lakini linawaacha nje wenye virusi, ambao huugua kwa mtindo ule ule wa kila siku. "Ya muda mrefu" linaahidi mwisho. Hata neno "dozi" lina kasoro, kwa kuwa dozi kwa desturi ya Kiswahili ni kitu cha kumalizwa. Nimemsikia mtu akijivunia kwamba amemaliza dozi yake ya presha, na alistahili pongezi kama ingekuwa malaria. Nitarudi kwenye suala hili mwishoni, maana kikundi kina maoni yake.

"Mambo?"

Mfano bora zaidi wa salamu kugeuzwa kuwa msaada ulianza mwaka 2007, mwaka ule ule ambao M-Pesa ilizinduliwa. Watafiti wa mradi ulioitwa WelTel, wakiongozwa na daktari Richard Lester, waliwaandikisha watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi katika kliniki tatu: moja Pumwani, moja ya Hospitali ya Coptic, iliyoko kando ya barabara ya Ngong, yaani kati ya mitaa yetu miwili, na moja Kajiado. Nusu yao waliendelea na matibabu kama kawaida. Nusu nyingine, kila juma, walipata arafa kutoka kwa muuguzi. (Natumia "arafa" kwa heshima ya jarida, watu husema meseji.) Arafa yenyewe ilikuwa ya neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu katika saa 48, kwa "Sawa" au kwa "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule asiyejibu kabisa, muuguzi alimpigia simu.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliosalimiwa walikuwa wakimeza dawa zao ipasavyo, na asilimia 50 ya wasiosalimiwa. Virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya wale wa kwanza, na asilimia 48 ya wale wa pili. Arafa haikumkumbusha mtu kumeza dawa, haikutaja dawa, wala haikutoa ushauri wowote. Ilisalimu tu.

Madaktari wamelieleza jambo hili kwa njia zao. Sisi tulitazame kama salamu. Salamu ya asili, "hujambo?", kwa maelezo ya kawaida ya sarufi ni swali la kukanusha: huna jambo? Jibu lake ni kanusho: sina jambo. Jambo hapa ni zito, ni tatizo, na swali limeundwa kwa namna ya kuomba likanwe. "Habari?" nayo, ingawa haina kikanushi, hujibiwa "nzuri" kwanza, hata na mwenye kulia. Watu wa pwani husema "nzuri" kisha, baada ya pumzi, "ila mtoto amefariki". Ukweli una nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya pili, na kuifikia kunahitaji muda, uso kwa uso, na mtu asiye na haraka.

"Mambo?" ya vijana wa mjini imeondoa kikanushi. Mambo yapo, inayoulizwa ni namna yake. Hata hivyo desturi imekwisha kuifunga nayo kwa majibu yake: poa, safi, fiti. Walichofanya WelTel ni kuiacha salamu jinsi ilivyo na kubadilisha majibu tu. Waliweka "shida" mahali pa kwanza, sawa kabisa na "sawa", neno moja kwa neno moja, bila kulazimika kupita kwenye "nzuri, ila". Kwa adabu ya kawaida, kumjibu mtu "shida!" papo hapo ni utovu wa adabu. Hapa ilikuwa ruhusa, na ruhusa hiyo ilikuwa imekubaliwa kabla. Waliojibu "Shida" walikuwa sehemu ndogo, lakini hatuwezi kusema kwamba ruhusa ni ya wale tu walioitumia. Mtu anayejua kwamba anaweza kusema "shida" husema "sawa" iliyo tofauti na ile isiyokuwa na mwenzake.

La pili ni kimya. Katika mazungumzo yetu, asiyejibu salamu ana kiburi au ana hasira. Katika mpango huu asiyejibu alihesabiwa kuwa amesema kitu, naye alitafutwa. Kwa hiyo majibu yalikuwa matatu, na nadhani hilo la tatu ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote, kwa kuwa mwenye shida kubwa aghalabu ndiye asiye na nguvu ya kuandika "shida".

Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilikasirika kidogo, nakiri, kwa ajili ya wazee. Muuguzi kijana anamwandikia mama wa miaka 60 "Mambo?", kana kwamba ni rika lake? Nairobi hatusemi shikamoo sana, lakini "habari yako mama" tunaijua. Baadaye nilielewa faida yake. Simu katika nyumba nyingi za Kibera hupita mikononi mwa watu kadhaa. Mume, shemeji au mtoto akiisoma arafa hiyo haoni kitu. Ni salamu ya mtaani kama nyingine elfu. Salamu ya heshima kutoka kwa nambari isiyojulikana ingezua maswali. Kwa hiyo ule ukosefu wa heshima ulikuwa ndio pazia.

Baada ya 2020

Machi 2020, korona ilipoingia nchini, mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku, na vikundi vilivyozoea kukaa bega kwa bega kwenye benchi vilibaki bila mahali. Chetu kilihamia WhatsApp. Wengine walikuwa wamekwisha kufanya hivyo zamani. Marufuku ilipoondolewa tulirudi kwenye benchi mara moja kwa mwezi, lakini simu hatukuiacha.

Ukitaka kuona jinsi watu walivyolikata upya vazi la salamu, soma mazungumzo ya asubuhi katika kundi la namna hii. Mtu wa kwanza kuamka huandika "Tumeamkaje?", kwa nafsi ya kwanza wingi, akijitia mwenyewe katika swali. Majibu ni mafupi. "Nasukuma." "Niko tu." "Leo imekataa." Hilo la kwanza ndilo lililoshika zaidi. Nairobi kitenzi "kusukuma" kimekuwa na maana ya kuvusha siku tangu mboga yetu ya kila siku ipewe jina la sukuma wiki, na mwenye presha anayesema "nasukuma" hajasema kwamba amepona wala kwamba anakufa. Ni kauli isiyo na mwisho ndani yake, na njeo yake ni ya sasa daima. "Leo imekataa" haina mtenda aliyetajwa: kiambishi "i-" chaweza kuwa sukari, mwili, au siku yenyewe, na hakuna anayeuliza.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba "pole" imepungua. Katika kundi letu hutolewa kwa aliyeibiwa, aliyefiwa, aliyenyeshewa. Kwa mwenye kuugua ugonjwa wake wa siku zote, wenziwe huandika "tuko pamoja" au "ugua pole". Usemi huu wa pili ni wa zamani na unastahili kutazamwa vizuri. Haumwambii mtu apone. Unamtakia augue taratibu, kwa upole. Waliouunda hawakuwa na insulini wala vidonge vya presha, lakini walituachia usemi unaomfaa mgonjwa wa kudumu kuliko "nishapoa", na hauhitaji jibu zaidi ya asante.

Wasiojua kuandika hutuma sauti. Sauti ina faida ambayo maandishi hayana, kwani mtu anaweza kuandika "sawa" huku anatweta, lakini hawezi kuitamka hivyo pasipo kusikika. Mara mbili nimeona mtu akiambiwa "rudia hiyo sawa yako", akapelekwa hospitali ya Mbagathi siku ile ile. Na kimya kimepata alama zake. Ujumbe wenye alama moja tu maana yake simu imezimwa au bando limekwisha, na mweka hazina humtumia mhusika fedha kidogo za bando. Ujumbe uliosomwa usijibiwe ni jambo jingine. Jioni mtu aliye karibu hutumwa mlangoni. Tumerudi, kwa njia ndefu, kwenye kumjulia mtu hali kwa miguu.

Kundi lina madhara yake pia, nisiyafiche. Wauza dawa za miujiza huingia kwa jina la ndugu wa mwanachama, na ushuhuda wa aliyepona sukari kwa majani fulani husambaa haraka kuliko onyo la muuguzi. Tumewahi kumpoteza mwenzetu kwa njia hiyo, na siku zile hakuna aliyejua aandike nini asubuhi.

Ama kuhusu kikaratasi, kikundi kilinitaka nikiandike upya. Nilipendekeza "ugonjwa wa kudumu", nikidhani suala limekwisha. Yule yule mama wa mboga alikataa. Kudumu, alisema, ni kwa ndoa. Ni neno la kuombea baraka, na hawezi kuuombea ugonjwa baraka. Walijadili kwa muda mrefu, wakapitisha "ugonjwa wa kukaa nao". Mimi katika makala haya nimebaki na "kudumu", kwa mazoea ya kazi. Kikaratasi kipya kimechapwa kwa maneno yao. Zahanati imekirudisha kwangu ikisema kwamba lugha yake si sanifu, na inaniomba niisahihishe. Bado kiko mezani kwangu.